Mbao Niliyoipeleka kwa Wakwe

Chekeni tu, mimi nimezoea. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke inimeze kama ile siku tulienda kwa kina Chebet kule Sugoi kupeleka posa, na aibu yote ilitoka kwa shilingi ishirini.

Mimi nauza maziwa hapa mtaa wa Pioneer, kwa ile mashine ya kubonyeza, mtu anaweka jagi chini na unamtolea ya pesa aliyonayo, kwa hivyo sarafu zinapita mikononi mwangu kutoka asubuhi, na hapo ndipo nikaanza kusoma kwa simu kwamba kuna watu wanazikusanya, na kwamba ile iliyotoka kiwandani na kosa inaweza kununuliwa kwa bei ya kukutoa jasho. Basi siku moja mteja akanipa mbao (ndiyo shilingi ishirini yenyewe), kuangalia, ndovu wa pale katikati amelala chali, miguu juu, na maandishi ya pembeni yako sawa! Nikaifunga kwa karatasi laini, nikawa natembea nayo kama kitambulisho.

Sasa, tukienda Sugoi, nikaona nimwambie baba mdogo habari ya hiyo mbao, yeye ndiye alikuwa msemaji wetu. Nilimwambia tu kumchangamsha. Hilo ndilo kosa.

Mazungumzo yalienda vizuri mpaka wazee wa kwao wakaongeza mtamba mmoja kwa mahari, na mtamba mimi sina, baba mdogo akabembeleza, akasifu boma, akasifu mahindi, maneno yakamwishia, halafu nikamwona anasimama na kukohoa.

"Wazee, huyu kijana wetu anatembea na ng'ombe mfukoni."

Mzee Kiptoo, babake Chebet, akaweka kikombe chake cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, mezani polepole. "Ng'ombe gani hiyo inaingia mfukoni?"

"Ni shilingi, Mzee. Ilitengenezwa vibaya," baba mdogo akajibu.

"Na nyinyi mmeona mniletee kitu kimetengenezwa vibaya?"

Ikabidi nieleze. Ningeeleza kidogo nikae, lakini watu walikuwa wananisikiliza (hata Chebet alikuwa amechungulia kutoka jikoni), basi nikapanda kama mhubiri, nikasema sarafu haipati bei kwa sababu ya uzee, inategemea zilitengenezwa ngapi, na kama bado ni safi haijakwaruzwa, na kama kuna mtu anaitafuta, na zaidi ya yote kama mashine ilikosea siku hiyo. Mbao yangu ikazungushwa mkono kwa mkono, mashangazi wakaimulika kwa simu, mama yake Chebet akaipeleka dirishani.

"Na hii inaweza kufika bei ya mtamba?" Mzee akauliza.

"Hata na ndama wake, Mzee." (Sijui hiyo ilitoka wapi, mdomo ulijiendea tu.)

Mzee akaichukua, akaibinya katikati kwa kidole gumba vile mtu anapima parachichi, na ndovu akatoka! Ile duara ya ndani iliruka, ikagonga meza, ikatumbukia ndani ya mursik. Mzee akabaki ameshika pete tupu.

Hapo ndipo nilielewa. Kuna mtu mahali aliigonga na nyundo ile duara ikatoka, akairudisha juu chini. Na sarafu iliyoharibiwa na mtu baada ya kutoka kiwandani si kosa la kiwanda, ni sarafu mbovu tu, hakuna anayeitaka. Mngedhani aibu imeishia hapo, lakini mimi kwa kutaka kusaidia nikaingiza vidole viwili kwa kikombe cha baba mkwe, mbele ya ukoo wote, nikaanza kumtafuta ndovu.

"Kijana. Toa mkono kwa maziwa yangu."

Baba mdogo alikuwa anaangalia mabati. Chebet ndiye alicheka kwanza, akafuata mama yake, halafu nyumba yote ikaanguka kwa kicheko, isipokuwa Mzee.

"Hii ungemuuzia mtu?"

"Nilidhani ni ya ukweli, Mzee. Sasa nimejua, siwezi."

"Na mtamba, unao?"

"Saa hii sina. Mwaka ujao, Mungu akinisaidia, nitaleta."

Akaangalia vidole vyangu, maziwa bado yanadondoka. "Hilo ndilo neno la kwanza nimeelewa tangu muingie," akasema, na akaitisha vikombe vingine, changu na chake.

Mtamba nilipeleka, mwekundu mwenye baka jeupe kwa paji la uso, na Mzee akamkagua mguu kwa mguu, akanipa mkono. Siku hizi mama mkwe akipata sarafu mpya, ile bado inang'aa na simba wa shilingi kumi anaonekana hata manyoya, ananifungia kwa kitambaa. Labda zitapata wa kuzitaka siku moja, labda zitanunua mkate, mimi naziweka. Lakini nimeapa: nikipata yoyote ya ajabu tena, kabla nitaje bei kwa mtu, nitaibinya mwenyewe, nikiwa peke yangu, na mlango umefungwa.