Matanga ya Miti Iliyo Hai

Safari yangu ya kwenda Uvira ilichelewa kila mahali. Treni ya kutoka Kongolo ilikwama kabla ya Kabalo, tukalala kando ya reli juu ya magunia ya mahindi ya watu. Kalemie nilingoja boti hadi wenye nyumba ya wageni wakaanza kuniita mwenyeji. Boti yenyewe, ya mbao, ilisimama kila kijiji palipotokea mtu wa kupunga kitambaa. Katika mji wa Baraka tulishusha mbuzi, tukapakia mbuzi wengine. Nilikuwa na mkoba mmoja wenye makasi, vitana, wembe na mashine ya kunyolea ya mkono. Nimezunguka nao tangu nilipomaliza sekondari, na sasa nimepita miaka arobaini bila kujifunza kukaa. Kinyozi hahitaji mengi: kiti, kioo na kivuli.

Kivuli nilikiona tukiwa bado majini. Milima ya Uvira inashuka hadi karibu na ziwa, na ilikuwa imekwanguliwa kwa majembe na moto wa makaa hata ikafanana na vichwa nilivyokwisha kuvinyoa. Chini yake mji wa mabati. Na katikati ya mabati, mstari mmoja wa kijani ukifuata ukingo wa mto hadi ziwani. Niliposhuka Kalundu, bandarini, sikuuliza hoteli. Niliuliza njia ya kwenda kwenye ile miti.

Wenyewe waliiita mivumu, miti ya ukoo wa mkuyu. Chini yake mama mmoja alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwa lile.

“Weye unatafuta nani?”

“Natafuta kivuli, mama.”

“Kivuli iko ya bure. Lakini ukinyoa batu hapa, nywele utafagia weye mwenyewe. Minye sitaki bateja bakule ndagala na ndevu.”

Nikafungua kazi siku ileile, na baada ya juma moja nikawa mpangaji wake. Alikuwa mjane. Nyumba yake ya kwanza ilichukuliwa na ziwa lilipopanda. Jumapili moja alinionyesha nguzo mbili zilizobaki ndani ya maji, ndege amekaa juu ya moja. Hii ya pili ilikuwa ya baba mkwe wake. Kati yake na mto kulikuwa na mivumu tu. Zamani mzee yule alichomeka fito za ua, na fito zikakataa kufa. Zikashika mizizi, zikanenepa, mizizi ikasuka ukingo wote. Mvua ziliponyesha milimani mto ulishuka na mawe makubwa kama ng’ombe, lakini pale ulipita ukinung’unika tu.

“Hii ikienda,” aliniambia, akipiga gome kwa kofi, “minye sina nyumba ya tatu.”

Kisha vijana walipita na rangi, wakaweka msalaba mwekundu kwenye kila shina. Barabara ya bandari ingepanuliwa. Hakuna aliyeichukia barabara. Matope yake tuliyajua sote. Mama alikwenda ofisini kuomba barabara ipite upande wa pili, penye kiwanja cha ghala lililobomoka. Akaambiwa arudi kesho. Akarudi kesho, akaambiwa tena kesho. Wakati huo misumeno ya moto ilikuwa imeanza juu, karibu na daraja, na kila jioni anga lilizidi kuwa kubwa.

Miti ya juu ilipokwisha, mama alikusanya wanawake wa avenyu yetu.

“Muntu akikaribia kufa, tunafanya nini?”

“Tunamuuguza.”

“Na kama bauguzi bamekataa?”

Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, kisha akakaza kitenge kiunoni kama mfiwa.

Kwetu huku matanga hufunga njia. Bashi, yaani turubai, hutundikwa katikati ya barabara, viti hukodiwa, gogo la moto huwashwa, na gari lenye haraka hutafuta njia nyingine. Karibu na kilio hapagongwi nyundo wala hapapasuliwi kuni. Hakuna polisi anayesimamia jambo hilo. Watu huogopa tu kuvunja matanga ya mtu na kuondoka na kifo hadi kwao.

Asubuhi lori la wakataji lilipofika lilikuta bashi imefungwa kutoka muvumu hadi muvumu, wanawake wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti za chini, wanaume wamekaa wameshika tama. Msimamizi wao, mtu mnene mwenye kofia ya plastiki, aliwaashiria vijana wazime injini. Akavua kofia, akaja ameinama, akampa mama mikono miwili.

“Pole sana, mama. Pole.” Akakaa. Akapewa chai. Haikuwa na sukari, basi akamtuma dereva wake dukani alete kilo nzima ya sukari ya kilio. Alipokwisha kunywa, ndipo akaniuliza kwa kunong’ona, akiniita yaya, yaani kaka:

“Yaya, nani alikufa?”

Nilimwonyesha juu, kwenye matawi.

“Alianguka mu muti?”

“Hapana. Ni muti wenyewe.”

“Lakini iko muzima!”

“Ndiyo,” mama akajibu, “tunamulilia mbele. Ukishakata hatutapata nafasi, tutakuwa tunahama.”

Vijana kwenye lori walicheka hadi mmoja akashuka kujishika mbavu. Msimamizi hakucheka. Aligeuza kofia mikononi.

“Mama, weye umenifunga. Nimekula kilio.”

“Na sukari umeleta,” mwanamke mmoja akamkumbusha. “Sasa uko wa familia.”

Akaondoka na lori lake. Akaenda kusema ofisini kwamba barabara ina matanga, na huko pia walijua maana yake: wangoje.

Matanga hayaishi mpaka wafiwa wanyolewe. Mama akatangaza kwamba hakuna kichwa kitakachonyolewa mpaka misalaba ifutwe. Avenyu nzima ikatii. Mimi, kinyozi, nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe nikitazama nywele zikiota, nikila ndagala za mama kwa sababu sikuwa na mteja. Wapita njia walinitania: “Weye ndiye mufiwa wa kweli!”

Mvua zikaja matanga yakiwa bado wazi. Adhuhuri moja milima ilitoweka, kisha tukasikia mawe. Mto ulipofika kwenye visiki, karibu na daraja, uliuma ukingo kama mkate. Ukuta wa duka moja na kipande cha barabara ileile iliyotaka kupanuliwa vikaenda. Hakuna aliyekufa, watu walikuwa wamekimbia mapema. Ukashuka kwetu. Mama alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Maji yakapiga mizizi, yakarudi, yakapiga tena, yakapita ziwani. Nyumba ilibaki. Hata kamba yake ya kuanikia ilibaki.

Wakubwa wa ofisi walikuja na buti. Walitazama juu, wakatazama chini, na msimamizi, nywele zimemjaa masikioni, aliwaonyesha kwa kidole mahali visiki vilipoanzia. Barabara ikahamishiwa upande wa pili. Misalaba tuliikwangua wenyewe kwa panga, tukiimba, na safari hii si kwa sauti ya chini.

Siku ya kunyoa nilianza na mama. Baada yake wakaja wote, na mwishoni msimamizi, kwa sababu naye alikuwa wa familia. Waliokwisha kunyolewa walipanda juu na fito mbichi za muvumu, wakazichomeka penye visiki.

Boti ya Kalemie ilikuwa inapakia bandarini. Honi yake niliisikia nikiwa nakunja kitambaa, na mama aliona nilivyogeuza kichwa.

“Fito tukichomeka zinashika,” alisema. “Weye tulikuchomeka, ukakataa.”

Alinifungia ndagala kwenye gazeti. Nilifagia nywele zote, za avenyu nzima, nikashuka bandarini. Sikurudi tena. Lakini boti ilipogeuka niliuona mstari wangu wa kijani, umesimama kutoka nyumba yake hadi majini, na juu yake, kuelekea daraja, vichwa vipya vinang’aa juani, watu bado wanachomeka.