Neno Moja la Siri kwa Maduka Matatu

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hadi ladha ya mchuzi uliokuwa kinywani. Nilikuwa mkekani Magomeni ya Mtwara, nyumbani kwa mwajiri wangu Bi Zainabu, tunakula wali kwa pweza, simu yangu ikaita. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, fundi wa kompyuta, na kichwa kilikuwa kimenivimba kidogo. Hilo silifichi.

Bi Zainabu, mama wa Mikindani mwenye maneno machache, alikuwa na maduka matatu ya dawa: Mtwara mjini, Nanyamba, na Mahurunga karibu na mto Ruvuma. Kila duka lilikuwa na kompyuta, na ndani yake majina ya wagonjwa na dawa wanazotumia. Unavijua vijiji vyetu. Mtu anaweza kumeza vidonge miaka kumi, jirani asijue anaugua nini. Siri zote hizo nilikabidhiwa mimi.

Kompyuta ya Mahurunga ikigoma ilinibidi nipande bodaboda, na wakati wa masika barabara ile ni tope tupu. Nikachoka. Nikaziunga zote tatu ili nizihudumie nikiwa mjini. Wazo lenyewe halikuwa baya, ila nililifanya kwa pupa. Niliweka neno moja la siri kwa maduka yote, tena jepesi: jina la duka na tarakimu tatu. Njia ya kuingilia nikaiacha wazi kwenye intaneti, yeyote mwenye kubahatisha abahatishe. Nilijiambia nitarekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo, mwanangu, ina tabia ya kutofika.

Aliyepiga simu alikuwa Mzee Atanasi, mtoa dawa wa Mahurunga, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka mto kutoka Msumbiji.

"Binti, ni wewe unayeichezea mashine yangu?"

"Hapana, mzee. Mimi nipo nakula."

"Basi kuna mtu. Kishale kwenye kioo kinatembea chenyewe, kinafungua hiki, kinafunga kile."

Nikalirudisha tonge sahanini. "Chomoa waya wa intaneti, mzee. Ule wa bluu."

"Nimeshachomoa," akasema kwa upole. "Nilichomoa kwanza, ndipo nikakuuliza."

Bi Zainabu akauliza kuna nini. Nikamjibu ni mtandao tu unasumbua. Nilipofika nje nikapiga simu Nanyamba na duka la mjini, nao wakachomoa. Kisha nikaishika njia ya Mahurunga, moyo unanidunda kuliko injini ya pikipiki.

Kompyuta huweka kumbukumbu ya kila aliyeingia na alichokigusa. Niliisoma mara tatu. Mgeni yule alikaa dakika chache, akapekua huku na huku, lakini faili la wagonjwa hakulifikia. Nanyamba na mjini wakanisomea kumbukumbu zao kwa simu: huko hakuwa ameingia kabisa. Nikakaa sakafuni nikalia kwa faraja. Mzee Atanasi akaniletea maji.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Sasa mzee, hili tuliache hapa hapa. Bi Zainabu tumwambie ni hitilafu ya mtandao."

"Mke wangu yumo humo," akasema, akionyesha kompyuta. "Angekuwa mama yako, ungependa fundi anyamaze? Mficha uchi hazai, binti. Nenda kaseme."

Nikarudi mjini alasiri ile ile, nikasema yote. Nilisubiri kufukuzwa. Bi Zainabu akasema, "Ulinidanganya tukiwa sahani moja. Hilo limeniuma kuliko kompyuta." Nikainama. "Kesho kazifunge zote upya. Ukimaliza, uje unifundishe na mimi nielewe."

Sijawahi kulala usingizi mtamu kama wa siku ile.

Nikanakili kwanza faili za wagonjwa pembeni, nikazifuta kompyuta zote tatu nikazipanga upya. Kila moja ikapata neno lake refu la siri. Ile njia ya wazi nikaiziba, nikaweka njia iliyofungwa tunayopita sisi tu, na hata ukilijua neno, simu yangu lazima ithibitishe kwanza. Na sikuingia tena bila kubisha hodi: Mzee Atanasi alikuwa anaona ombi kwenye kioo, anabonyeza kukubali, ndipo napita. Mara nyingine alinikawiza makusudi. Nilimvumilia.

Basi mwanangu, wewe unayejifunza kazi hii, nisikilize. Kuhudumia kompyuta za watu kwa mbali ni dhamana, na kinga ni bora kuliko tiba. Usifungue njia usiyoweza kuilinda leo. Usitumie neno moja kila mahali kwa uvivu wa kukumbuka. Mheshimu anayekaa mbele ya mashine. Huenda akaona usichokiona. Na ukikosea, kaseme mapema, kwa mdomo wako mwenyewe. Kosa lililosemwa hurekebishika.

Mungu akujalie mkono mtulivu na ulimi wa kweli, akuepushe na shari za karibu na za mbali, na watu waseme, huyu tulimwamini na hakututupa. Amina.