Mahindi Juu ya Kaburi la Baba

Swali la mwisho baba aliloniuliza kwenye simu lilikuwa kuhusu kuku. "Ile habari ya kuku umeanza?" Nikamjibu nitaanza wiki ijayo. Nilikuwa kwenye chumba nilichopanga Sombetini, nikisubiri kuitwa na ofisi ambayo haikuniita. Wiki iliyofuata nilirudi nyumbani kumzika.

Upande wetu huu wa Meru, juu kidogo ya Makumira, tunazikana nyumbani. Baba amelala nyuma ya nyumba, kati ya jiko na migomba, karibu na pale alipozoea kukaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi.

Baada ya mwezi nikanunua mitetea minane na jogoo mmoja. Banda nikalijenga chini ya mparachichi bila kufikiri mara mbili, mimi ambaye hufikiria hata namna ya kumsalimu mtu ninayemwona akija kwa mbali. Uwanja wetu ni mgumu, umekanyagwa miaka mingi. Udongo laini ulikuwa sehemu moja tu. Siku ya tatu jogoo alipanda juu ya kaburi, akaanza kuchakura.

Maneno ya watu yalianza kama utani. Bodaboda wa njia panda waliniita, "Msomi! Kwani digrii nayo inataga?" Nilicheka nao, kisha nikakaa siku mbili nikitafuta jibu ambalo ningewapa.

Aliyenikata maini ni mama jirani wa shamba la juu. Alisimama kwenye mpaka, akaitikia shikamoo yangu, akatazama kaburi kwa muda.

"Mwanangu, hao kuku wanamkosesha baba yako usingizi."

"Nitawafungia, mama."

"Wafungie. Mtu hawezi kupumzika huku anakwaruzwa."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliobaki nami. Tangu siku hiyo, kuku akichakura popote, nilisikia kucha zake kwenye mgongo wangu mwenyewe.

Nikawafungia. Nilitia komeo, nikaenda, nikarudi kuhakikisha, nikaenda, nikarudi tena. Lakini kila nilipotoka mjini kupeleka maombi ya kazi, nilikuta komeo limefunguliwa na kuku wote wako juu ya baba. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama, na mama nilimkuta ndani sikuzote, akichambua mchele au ameketi tu. Tangu mazishi sikuwahi kumwona akivuka mlango wa nyuma. Niliamini hawezi kulitazama kaburi, kwa hiyo nikawa nasawazisha vile vishimo kwa viganja vyangu kila asubuhi, ili siku atakayotoka asikute mumewe amefukuliwa.

Mvua zikaja, na juu ya kaburi yakaota mahindi. Miche mitano, pale ambapo pangekuwa kifua. Hakuna aliyepanda. Kuku wangu niliwapa pumba, sikuwahi kuwapa punje. Mama jirani alipoiona miche alijifunika mdomo kwa kanga na kuondoka bila kuaga. Kabla ya jioni shangazi, dada yake baba, alikuwa ameshasikia huko Kwa Mrombo anakoishi.

"Nakuja Jumapili baada ya ibada," alisema kwenye simu. "Nikiwakuta hao kuku, kwa kaka yangu sitakanyaga tena. Umenisikia, msomi?"

Naona aibu kuandika nilichoamini siku zile. Niliamini ni baba mwenyewe. Anafungua banda, anapukuchua mahindi yake kama zamani, anakagua kama kweli nimeanza. Nilipita uwanjani nimeinamisha kichwa, kama mtu anayekwepa kuulizwa.

Alhamisi niliitwa kwenye usaili mjini. Nilipofika nikaambiwa umeahirishwa, na kabla ya saa sita nilikuwa nyumbani. Nilipitia njia ya migombani. Nikasikia sauti ya mama, nikadhani anaongea na simu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha baba, kando ya kaburi. Banda lilikuwa wazi. Alitoa punje kwenye pindo la kanga na kuzitupa chache chache juu ya udongo, na kuku wakazunguka miguuni kwake.

"Yule mwenye doa ameanza kutaga," alikuwa akimwambia. "Mwanao ameenda usaili. Chai hakumaliza, unamjua." Akatupa nyingine. "Kuleni, kuleni. Kaeni naye karibu, asikae peke yake."

Nilirudi nyuma polepole hadi barabarani, nikakaa huko mpaka saa ambayo ningerudi kama usaili ungefanyika.

Siku mbili nilihesabu njia zote. Nikimwambia shangazi ukweli, nitakuwa nimemwaibisha mama. Nikiwaondoa kuku, mama atabaki na ukimya wa nyumba ile. Jumapili ilifika nikiwa sijaamua, na kuku walikuwa uwanjani.

Shangazi hakuketi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, mimi na mama tukimfuata.

"Nani amemwaga mahindi juu ya kaka yangu?"

"Mimi, shangazi."

Ilinitoka kabla sijaifikiria. Shangazi alisema, "Msomi mzima! Nenda mpakani ulete isale."

Jani la isale kwetu hushikwa na anayeomba msamaha. Nilichuma tawi, nikapiga magoti, na maneno niliyokuwa nimeyaandaa yakapotea yote. Nilisema tu, "Baba, uliniuliza kama nimeanza. Nilikuwa sijaanza. Nisamehe."

Nyuma yangu mama alisema, "Wifi, mtoto anakuficha. Ni mimi ninayewalisha hapo."

"Wewe?"

"Mimi. Wakiondoka hawa, nitakuja hapa kwa kisingizio gani?"

Shangazi alivuta kigoda, akakaa, akavua viatu vyake vya kanisani. Jogoo alisogea akadonoa karibu na kidole chake, naye hakumfukuza. Baadaye aliniambia nilipande lile tawi pale pale nilipopiga magoti.

Isale imeshika. Kuku wapo, na mama jirani bado akipita anageuza uso. Mchana mama hukaa na baba, humpa habari, humtupia punje. Mimi hupita nikaokota mayai, nikasikiliza kidogo. Mara mbili mama amenyoosha kiganja chake chenye mahindi ili nami nitupe. Mara zote mbili nimesema, kesho.