Nilivyonusurika kupoteza hisa zangu nikizihamishia kwenye pension binafsi, Brussels

Wakuu salaam. Hili lilinikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Naliweka kama lilivyokuwa.

Miaka ile ya 2010s nilitoka Uingereza nikamfuata wife Brussels, alikopata kazi ubalozini. Tukapanga mtaa wa Etterbeek.

Nilikuwa na hisa za kampuni niliyofanyia kazi kule, nilizinunua kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara. Nikataka kuziingiza kwenye pension unayoisimamia mwenyewe. Unachagua wewe uwekeze wapi, ila hugusi pesa mpaka ufike miaka 55.

Kampuni ya pension ikaniambia hisa hazihami kama zilivyo. Uza, ingiza cash, kisha nunua upya humo ndani.

Roho ikasita. Bei ikipanda hapo katikati je?

Ndipo akanipigia Tonton (yaani anko) Bahati, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima. Tulifanya kazi pamoja kwenye kampuni ile Uingereza, naye akahamia Ganshoren, hapa hapa Brussels.

"Bon, kuko mushauri moja hapa, anahamisha bila kuuzisha. Miye nilisha mupatia zangu."

Nikaonana na huyo mshauri mgahawani, Porte de Namur. Suti safi, Kiingereza kimenyooka. Akasema hisa zitaenda kwenye pension ya kisiwa fulani, haziuzwi, na nusu ya thamani yake napewa cash sasa hivi.

Nikasaini fomu za kuhamisha.

Jioni nikamweleza wife. Akaniuliza swali moja tu.

"Baba Imani, una miaka arobaini na moja. Hiyo nusu wanakupa kwa sheria ipi?"

Nikampigia mshauri. Akacheka, "Brother, you worry too much." Nikarudia swali, akakata simu.

Kulipokucha tu nikapiga London kwa broker anayenitunzia hisa. Dada aliyepokea akasema, "Maagizo yameshafika, zinatoka leo mchana. Tutumie haraka barua ya kusitisha, yenye sahihi yako."

Nyumbani hatuna printer wala scanner. Nikakimbilia duka la simu Matonge, mtaa wa Wakongo. Foleni ya wanaotuma hela kwao, scanner inagoma, nje baridi kali na mimi jasho linanitoka. Mshauri naye anapiga mfululizo. Sikupokea.

Barua ikaenda. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, simu nimeishika kwa mikono miwili.

Ikaita. "Tumezizuia, hazijatoka."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Halafu nikamkumbuka Tonton.

Nikaenda Ganshoren moja kwa moja. Tukampigia mshauri kwa simu ya Tonton, hapatikani. Tukajaribu tena na tena. Mzee akainamisha kichwa, akamtaja mkewe.

"Mutoto wangu, alors, bibi yangu nitamuambia nini?"

Nikampigia wife aje.

Mimi baadaye nilifuata ile njia ndefu. Na kweli bei ilipanda katikati, nikaambulia hisa pungufu ya nilizouza. Lakini zipo.

Tonton tulimsindikiza polisi mimi na wife. Mpaka leo hajarudishiwa kitu, na bado anafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, wengine wadogo kwake.

Nilichojifunza: anayekuahidi hela ya uzeeni ukiwa bado kijana, jua anaitaka yeye.

Kama humu kuna mwanasheria, au mtu aliyewahi kurudishiwa hela zake baada ya kutapeliwa hivi, shusha comment ueleze ulipitia wapi. Nitamsomea Tonton.