Mguu wa Mjomba na Shimo la Kumi na Sita

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, kipara kimeshaanza kuchungulia, nilipoandikishwa rasmi kuwa kipaji kinachochipukia. Hayo yalikuwa maneno ya waandaaji. Yalikuwa mashindano ya miezi minane, leo nchi hii kesho nchi ile, ya kuwakuza wacheza gofu wa kulipwa wa Afrika Mashariki. Neno kulipwa liliwekwa kwa heshima tu. Ili ulipwe ilibidi upite mchujo, yaani baada ya siku mbili uwe katika nusu ya juu. Waliobaki walishukuriwa kwa kushiriki na kuombwa warudishe taulo.

Mimi nilirudisha taulo Nairobi, nikarudisha Kampala, nikarudisha tena Nairobi, mpaka mzee wa chumba cha kubadilishia nguo akawa ananipokea kwa jina na kunipa ile ile.

Kati ya shindano moja na jingine nilirudi Nkowe kwa mama. Wenzangu walikuwa na viwanja vya mazoezi vyenye nyasi zilizonyolewa, na walimu wenye kompyuta. Mimi nilikuwa na mikorosho. Mavuno yakikaribia, chini ya mikorosho husafishwa na kufagiliwa kama uani, kwa hiyo hapo ndipo nilipopigia vipira vyangu. Vilikuwa vikigonga mashina na kunirudia kwa kasi. Ni mazoezi mazuri sana kwa mtu anayetaka kujifunza kukwepa.

Fimbo yangu moja ilipochomoka kichwa niliipeleka Nachingwea, kwa fundi anayechomelea fremu za pikipiki. Aliigeuzageuza mkononi.

"Fyekeo la wapi hili? Mbona halina makali?"

Nilimweleza kwamba ni la kupigia mpira. Akauliza mpira upi, nikamtolea mfukoni. Akautazama, akanitazama mimi, kisha akanivutia kigoda kivulini na kuniletea maji ya kunywa. Kazi aliifanya vizuri, ila fimbo ikawa nzito upande mmoja. Tangu siku hiyo mipira yangu ilikwenda kushoto bila kukosea. Kwangu hayo yalikuwa maendeleo, kwa sababu zamani ilikwenda popote.

Kwetu mwenye neno la mwisho ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Msimu wa ufuta yeye husimama kando ya mizani ya chama cha msingi cha ushirika, na mtu akileta gunia lenye mchanga humwambia mbele za watu arudi nalo akapepete upya. Wakulima kutoka Matambarale mpaka Nambilanje wanamwogopa kuliko mwenyekiti. Jioni moja alikuja shambani, akasimama mbali kidogo na mashina, akanitazama kwa muda mrefu.

"Mjomba," alisema. Naye huniita hivyo, ndivyo tunavyoitana. "Kwenye huo mchezo, anayepiga mara nyingi ndiye anayeshinda?"

"Hapana, mjomba. Anayepiga mara chache."

Akafikiri. "Sasa si usipige kabisa?"

Nikikumbuka matokeo ya Kampala, ulikuwa ushauri bora kuliko wowote niliowahi kupewa na mwalimu.

Shindano la Dar es Salaam lilipofika, mjomba alitangaza kwamba atakwenda kujionea mwenyewe. Tulipanda basi la alfajiri kutoka Ruangwa, yeye amevaa kanzu na kofia, ameshika mwavuli ambao haukufunguka safari nzima. Uwanjani alipendezwa na jambo moja tu: watu walionyamaza mchezaji alipotaka kupiga. "Hawa wana adabu," aliniambia. Alitembea nyuma yangu mashimo yote kumi na nane, juani, na hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza.

Siku ya pili, kwa sababu nisizozielewa mpaka leo, nilicheza vizuri. Tulipofika shimo la kumi na sita nilikuwa ndani ya mchujo. Nikapiga, mpira ukaenda kushoto, vichakani.

Mjomba alikuwa karibu na vichaka hivyo. Nilipofika niliukuta mpira umekaa juu ya nyasi safi, njia nyeupe mbele yake. Nilimshukuru Mungu, nikachagua fimbo. Mjomba akasogea, akaninong'oneza.

"Nimekusogezea. Ulikuwa pabaya, kwenye mzizi."

"Umeusogeza na nini?"

"Na mguu. Hakuna aliyeona."

Huyu ndiye mtu ambaye angekurudisha nyumbani na gunia lako kwa ajili ya konzi moja ya mchanga. Natamani kusema kwamba niliwaza juu ya uadilifu. Niliwaza juu ya yule mzee wa taulo. Niliutazama mpira, nikaona ulivyokaa vizuri, na nilichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Mjomba, nionyeshe ulipokuwa."

"Kwa nini?"

"Nionyeshe tu."

Nikainua mkono kumwita mwamuzi. Alikuja dada mmoja mwenye redio ya mkononi, akasikiliza yote bila kucheka, na hilo namshukuru. Alisema sitapata adhabu kwa kuwa kosa ni la mtazamaji, lakini mpira lazima urudi ulipokuwa. Akamgeukia mjomba.

"Shikamoo mzee. Mpira ulikuwa hapa?"

Aliweka kidole hatua moja kutoka kwenye mzizi. Mahali pazuri kabisa. Mjomba angeitikia kwa kichwa tu, mambo yangekwisha. Aliutazama mguu wake, kisha akainama, mikono magotini.

"Marahaba. Hapana, ndani zaidi," alisema. "Chini ya mzizi hasa. Hapo."

Nilitumia mapigo mawili kuutoa mpira pale. Nikakosa mchujo kwa pigo moja.

Ndani ya basi la kurudi, tulipovuka Rufiji, mjomba alinigeukia.

"Nimekuharibia."

"Hapana, mjomba. Mpira ulikwenda kushoto kabla yako."

"Hilo ni kweli," alisema, haraka kidogo kuliko nilivyotarajia, kisha akalala.

Mashindano mawili yaliyosalia nilitolewa bila msaada wa ndugu yeyote. Katika orodha ya mwisho nilikuwa wa pili kutoka chini. Wa chini yangu alikuwa amevunjika mkono mwanzoni mwa msimu.

Wiki chache baadaye ujumbe uliingia kwenye simu ukiniuliza kama nitajiandikisha tena. Tulikuwa tunakula kwa mama, ugali wa muhogo na kisamvu. Nilimsomea mjomba. Alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Jiandikishe," alisema. "Ila mimi safari hii nabaki nyumbani."

Akavuta bakuli la kisamvu upande wake.