Siku Nilipolieleza Jina la Feruzi

Nakumbuka siku moja pale Kizimbani, siku ya saba ya mtoto wa kiume, nilipofungua kinywa changu kwa furaha na kukifunga kwa aibu. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nimekaa nayo siku hiyo muda mrefu, mwanangu, na leo naona nikupe na wewe, kwa sababu nawaona vijana wa sasa mkitafuta majina ya watoto kwenye simu. Mwaka huu peke yake wamenijia wazazi wawili, mmoja wa Mji Mkongwe na mmoja wa Makunduchi, wote wakiuliza habari za Firuz. Wanasema ni jina zuri, la Kiajemi, na kila wanapotafuta wanalikuta. Mimi jina hilo nalijua kwa sura yake ya hapa kwetu, Feruzi, na ndilo lililonifunza adabu.

Skuli niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, niliondoka tu, miguu yangu haikupenda kukaa pahala pamoja. Nimeshusha magunia bandarini, nimechuma karafuu, na Makunduchi nilikaa miezi mitano kwa sababu tu nilitaka kusikia wanavyosema. Udadisi lakini sikuuacha skuli. Kila niliyekutana naye nilimuuliza jina lake lina maana gani na nani alimpa. Watu wengi hufurahi kuulizwa. Hilo ndilo lililoniponza, maana nilidhani hufurahi wote.

Maana ya Feruzi nilielezwa na fundi saa mmoja wa Kihindi pale mjini, aliyekuwa na vitabu vya Kiajemi vya babu yake. Alinieleza huku anakodolea saa ya mtu kwa kile kioo chao cha jichoni. Waajemi wa kale, alisema, walitamka Piruz, yaani mshindi, mtu aliyefanikiwa. Wafalme wao waliitwa hivyo hata kabla ya Uislamu. Waarabu hawana herufi ya kuanzia jina hilo, wakasema Firuz, na sisi tukalilainisha likawa Feruzi. Na lile jiwe la pete, lenye rangi baina ya buluu na kijani, nalo ni feruzi. Wenyewe huamini kwamba humletea mvaaji ushindi. Jina limetembea, akasema, kunishinda mimi: liko Uturuki, liko Bara Hindi, liko Uarabuni, wanaitwa wanaume na wanawake.

Nusu ya pili niliipata Kidichi, kwa mzee aliyekuwa akiishi karibu na zile hamamu za kuogea za Kiajemi. Yeye aliniambia kuwa zamani za utumwa mabwana walipenda kuwapa watumwa wao majina ya heri. Mtu aliletwa kutoka bara na jina alilopewa na mama yake, likatupwa, akaitwa Feruzi, au Mabruki, au Baraka. Ndiyo maana majina hayo yalijaa mashambani.

Yote mawili niliyaandika kwenye daftari langu, moja chini ya jengine, kana kwamba yana uzito mmoja.

Basi msimu ule wa karafuu nilikuwa nimepewa chumba cha uani na Mzee Feruzi, msimamizi wetu wa wachumaji. Mjukuu wake, Mwanaidi, aliyeolewa mjini, alikuwa amekuja kujifungua kwa babu yake, mimba ya kwanza. Alipozaa mtoto wa kiume alisema ataitwa Feruzi. Nawe unajua kwetu hapa: mtoto aliyepewa jina lako ni somo yako, na nyinyi wawili huwa na mapenzi yenu ya peke yenu. Mzee Feruzi alikuwa na wajukuu kumi na mmoja na hakuwa na somo hata mmoja. Wiki ile alikata ndevu mara mbili.

Siku ya saba wakaja wakwe kutoka mjini, na mbele yao Bi Zuwena, shangazi wa mume wa Mwanaidi, ambaye kwao hapakuamuliwa jambo asipokuwapo. Mtoto akanyolewa, nyama ya akika ikapakuliwa, kahawa ikapita. Likatajwa jina.

"Feruzi," akasema Bi Zuwena, kama anayeonja mchuzi. "Maana yake nini?"

Mzee Feruzi akakohoa, akajiweka sawa kwenye mkeka. Mimi nikamtangulia.

"Mshindi, Bi Zuwena! Jina la wafalme wa Kiajemi hilo."

"Haa! Nlisema mimi!" Akawageukia wenzake. "Sisi Washirazi bwana, asili yetu huko huko. Mtoto karudi kwao." Watu wakacheka. "Na wewe kijana umesoma wapi?"

"Darasa la sita, bibi. Nikatoroka."

"Ungemaliza basi ungetuua!"

Wakacheka zaidi, nami nikanogewa. Ningekomea hapo, mwanangu, leo nisingekuwa na la kukusimulia.

"Lakini hapa Unguja," nikaendelea, "jina hili halikuletwa na wafalme. Mabwana wakiwabandika watumwa wao. Feruzi, Mabruki, Baraka, yote hayo. Ukikuta ukoo una Feruzi, ujue asili yao ndiyo hiyo."

Aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna. Bi Zuwena akaweka kikombe chake chini polepole.

"Mtoto ataitwa Salim," akasema. "Jina la babu yake kuumeni. Limekwisha hilo."

Mume wa Mwanaidi akatazama mkeka. Nyuma ya pazia nikamsikia Mwanaidi akisema "Babu," mara moja tu. Mzee Feruzi akajibu, "Salim jina jema," akainuka, akachukua sinia za nyama na kwenda kuwagaia majirani yeye mwenyewe, na umri wake ule.

Kesho yake asubuhi aliniita kwenye majamvi ya kuanikia karafuu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ile ile ya kila siku. Hilo liliniuma kuliko angenipigia kelele.

"Jana ulisema uongo?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Nnajua. Ulosema ni kweli tupu. Babu yangu alinunuliwa. Aliletwa mdogo hata jina la kwao hakulikumbuka. Hilo Feruzi alipewa kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Walipoachwa huru, wenzake wengine walijibadilisha. Yeye akasema, hili nshalitolea jasho, sasa langu. Akampa baba jina la Mtume, halafu baba akanipa mimi la babu."

"Mbona basi hukuyasema, mzee?"

"Nilikuwa nnakwenda kuyasema. Jana." Akaokota karafuu moja, akaivunja kichwa. "Siku saba nzima nikiyapanga. Nilitaka wayasikie kwangu, tena wakishajua wamwite mtoto kwa hiari yao. Nani katika sisi alowahi kupewa jina hili na watu wanaojua kila kitu na bado wakalitaka? Wewe ukayasoma kama tangazo la mkutano. Habari ile ilikuwa yangu, kijana. Umetia mkono mfukoni mwangu ukaitoa mbele za watu."

Nikamuuliza kama niende mjini kumuomba radhi Bi Zuwena.

"Wewe kazi yako kunyamaza," akasema. "Nitakwenda mwenyewe."

Na kweli alikwenda. Mwanaidi alipotimiza arobaini na kurudi kwa mumewe, mzee alimsindikiza hadi mjini, nami nikachukuliwa kubeba kapu la mihogo na viazi vikuu. Nilikaa karibu na mlango, mdomo nimeufunga hata kahawa naikataa. Mzee Feruzi akamsimulia Bi Zuwena yote, kutoka kununuliwa kwa babu yake mpaka siku aliyozaliwa yeye, bila ya kuharakisha na bila ya kujitetea. Alipomaliza akasema, "Sikuja kugombea jina. Nimekuja msije mkadhani nilikuwa nnawaficha."

Bi Zuwena alikuwa amemlaza mtoto mapajani. Akamtengeneza nguo ambayo haikuwa na kasoro.

"Babu yetu sisi akiitwa Mabruki," akasema.

Mume wa Mwanaidi akamtazama kama mtu anayemuona kwa mara ya kwanza. "Shangazi! Si sisi Washirazi?"

"Washirazi wa juzi." Akacheka, na machozi hayo. "Baba alitukataza kulitaja. Hata khitma yake husomwa bila ya jina. Huyu mtoro wa skuli alipolitaja mbele ya watu, nilidhani kaja kunivua nguo. Ndo nkakukatalia jina lako, Mzee Feruzi. Nisamehe."

"Nshakusamehe."

"Na cheti kishaandikwa Salim."

"Kiacheni cheti, bibi. Cheti karatasi ya serikali."

Bi Zuwena akamnyanyua mtoto, akamtazama usoni. "Feruzi," akamwita.

"Naam," akaitika mzee, kwa mazoea ya maisha yake yote.

Tukacheka sote, hata mimi niliyekatazwa kusema. Bi Zuwena akanyoosha mikono. "Haya, nenda kwa somo yako." Mzee Feruzi akampokea, akamshika kama mtu aliyepewa bakuli limejaa mpaka ukingoni.

Mwanangu, maana ya jina unaweza kuipata popote, kwa fundi saa au kwenye simu yako, na ijue, ni jambo jema. Lakini aliyelibeba jina hilo hapa kwetu, na alivyolibeba, huko hutamkuta. Hiyo ni mali ya wenyewe. Ukiijua asili ya mtu, usidhani imekuwa yako ya kusimulia. Mwache mwenyewe aseme kwanza. Akiwa bado anakohoa kujiweka sawa, mngoje. Sikuambii uufiche ukweli. Mzee Feruzi hakuuficha. Nakuambia tu kwamba maneno yale yale, yalipotoka kinywani mwangu yalimnyima mtoto jina, na yalipotoka kinywani mwake yalimrudishia. Wale wazazi wawili walionijia mwaka huu niliwaambia Firuz ni mshindi, kisha nikawaambia warudi nyumbani wakakae na wazee wao, waulize kwa upole, na wasipojibiwa leo wangoje kesho.

Nenda nawe kaulize. Mungu akujaalie subira ya kusikiliza mpaka mwisho, akupe watoto wema na wazee wa kuwasimulia, na kila jina utakalompa mwanao ulitoe unalijua lote na ungali unalipenda. Amin.