Yunisi na Mbwa wa Memsahibu

Sekenke, siku zile Wazungu walipokuwa wakichimba dhahabu, aliishi mama mmoja mjane aitwaye Yunisi, mzaliwa wa Ulemo. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za injinia wa mgodi. Mume wake alikuwa amekufa kwa homa, nao hawakujaliwa watoto. Ndugu yake wa karibu alikuwa Philipo, mdogo wake, aliyekuwa akifunga magogo ndani ya mashimo ya mgodi ili udongo usiwaporomokee watu.

Mke wa injinia alikuwa na mbwa dume aliyeitwa Pepa. Alikuwa mdogo, miguu mifupi, masikio wima, na manyoya ya kijivu yaliyosimama kama majani makavu. Memsahibu alimleta kwa meli kutoka Uskoti, naye alikuwa wa mbegu moja isiyochanganyika, baba na babu zake wote wameandikwa kwenye karatasi. Wachimbaji walipolisikia hilo walicheka sana. Walisema wapo watu wazima pale mgodini wasiomjua babu wa babu yao.

Mwaka uliofuata memsahibu aliugua, na mumewe akaamua kumrudisha kwao akatibiwe. Walisema watakuwa wamerudi baada ya miezi sita. Mbwa hakuweza kwenda, na kwa kuwa alikuwa na desturi ya kulala juu ya nguo za kufua, memsahibu akaona hakuna wa kumwachia ila Yunisi. Alimketisha barazani alasiri mbili nzima akimweleza. Manyoya yachanwe kila wiki, na yale yaliyokufa yang'olewe kwa vidole. Atazamwe kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole. Asifunguliwe kamba penye kuku. Asiachwe kutwa bila kazi. Mwisho akasema, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Yunisi, huyu kidogo. Lakini yeye hapana jua kama yeye kidogo."

Yunisi aliitikia ndiyo memsahibu, ndiyo memsahibu. Moyoni alikuwa akisema mbwa ni mbwa, na haya mengine ni mambo ya watu wasio na mashamba.

Wiki haikwisha kabla Pepa hajaua kuku watatu wa jirani yake, Magdalena. Hakuwala hata mmoja. Aliwapanga tu mlangoni na kuketi kando yao akingoja kusifiwa. Yunisi alitoa kuku wake mwenyewe watatu akampelekea Magdalena, akaomba radhi, kisha akasokota kamba nene.

Halafu ikaja habari ya paa. Nyumba yake ilikuwa tembe, na upande wa nyuma, ulioegemea mlima, paa lake la udongo lilikuwa karibu kugusa ardhi. Siku moja alipokuwa mtoni akifua, Pepa alitafuna kamba, akapanda juu ya tembe akifuata panya, akafukua. Yunisi alirudi akakuta tundu la kupitisha ndoo, na mbwa amelala kitandani kwake amejaa vumbi, panya kando yake. Ilimchukua siku mbili kukandika udongo upya. Magdalena alimshauri amfukuze mbwa porini na kusema kaliwa na fisi. Usiku ule Yunisi aliyawaza maneno hayo.

Kilichombadilisha ni ugonjwa. Mvua zilipoanza, Pepa aliacha kula. Akalala chini ya meza bila kuinua kichwa, na fizi zake zikawa nyeupe. Yunisi alipoyapekua manyoya, ambayo hakuwa ameyachana tangu memsahibu aondoke, akakuta yamesukana kama mkeka, na chini yake kupe wamejaa kama mbegu za mbarika. Aliona haya mbele ya mnyama. Alichukua mkasi, akayakata yote, akamtoa kupe mmoja mmoja na kuwachoma motoni. Akapika supu ya mifupa na kumnywesha kwa kijiko. Siku ya nne Pepa alisimama, akayumba, akatoka nje na kumbwekea Magdalena. Yunisi hakuwahi kufurahia kelele kama zile.

Tangu hapo alimchana kila jioni. Na kwa kuwa sasa alielewa kwamba mbwa huyu akikosa kazi ataitafuta mwenyewe, alianza kwenda naye mtoni na kukata kuni, akimwacha awinde panya wa mashambani kadiri alivyotaka. Watu wenye mtama waliomba awapitishie mbwa ghalani kwao.

Asubuhi moja, Yunisi akikata kuni chini ya mteremko, Pepa aliingia shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa. Yunisi alimsikia akibweka kwa mbali, chini ya miguu yake, kisha kimya. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mchana alimtuma mpita njia akamwambie Philipo, naye akaja na sururu na koleo alipotoka zamu.

Philipo alilala kifudifudi akaweka sikio ardhini, kama wanavyofanya mgodini wakisikiliza mwamba. Akasogea hatua tano, akasikiliza tena. "Yuko hapa, dada," akasema. "Lakini tukichimba kwa pupa tutamzika."

Walichimba mpaka giza likawazuia, na kulipokucha wakaendelea. Philipo alikuwa akikinga udongo kwa matawi, kama afanyavyo kazini. Jua lilipopanda, ubavu wa shimo ukafunguka, na pua ikatokea. Pepa alikuwa amekwama nyuma ya mzizi, miiba miwili ya nungunungu aliyehamia shimo lile imemchoma begani. Philipo alikata mzizi, akamvuta. Yunisi alimpokea, akamfunga ndani ya khanga yake pamoja na matope yote, akashusha pumzi ndefu. Hakuweza kusema asante. Philipo akamwambia haidhuru, ameisikia.

Miezi sita ikapita. Badala ya memsahibu ikaja barua. Antipasi, karani wa mgodi, alimsomea: daktari alikuwa amemkataza memsahibu kurudi Afrika, na mumewe amepata kazi kwao. Injinia mpya alikuwa njiani. Pepa akabidhiwe kwake.

Yunisi alishindwa kula. Antipasi akamfundisha aseme kwamba mbwa ana tabia ya kuuma watu, ili injinia mpya amkatae.

"Hajamuuma mtu," Yunisi akasema.

Injinia mpya alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, aliyejua Kiswahili vizuri. Uani kwake alikuwa tayari na bata kumi na wawili aliowapenda sana. Alimkaribisha Yunisi barazani, akakiri kwamba hajapata kufuga mbwa maishani mwake. "Niambie kila kitu, mama," akasema. "Mazuri na mabaya."

Basi Yunisi akamweleza. Hakuzidisha wala hakupunguza. Alimweleza kuku watatu na paa la tembe, kupe na fizi nyeupe, na kwamba kosa lile la kupe lilikuwa lake mwenyewe. Alieleza shimo la muhanga. Akasema pia kwamba mbwa huyu ni jasiri na ana furaha, kwamba ghala lolote alilopita halina panya, na kwamba mtu akiwa na huzuni huja kumwekea kidevu juu ya mguu. Akaishia hapo, kwa maana hakuna lingine lililokuwa kweli.

Yule Bwana aliwatazama bata wake. Akamtazama Pepa, aliyekuwa ameivuta kamba mpaka mwisho, anatetemeka mwili mzima, macho kwenye bata.

"Mimi nashinda shimoni tangu alfajiri," akasema. "Mbwa huyu anataka mtu wa kuwa naye. Ukikubali, mama, kaa naye. Nitamwandikia memsahibu mimi mwenyewe."

"Nimekubali, Bwana," Yunisi akajibu kwa sauti ndogo. Aliogopa kuongeza neno, Bwana asije akabadili nia.

Alitembea polepole mpaka bondeni, mahali nyumba ile isipoonekana tena. Hapo akaketi juu ya jiwe. Alilia kidogo, kisha akajikuta akicheka peke yake, na Pepa akamlamba mikono.

Jioni Philipo alikuja kusikia mambo yalivyokwenda. Alipoelezwa alicheka, akamuuliza kama hajachoka na mnyama huyu.

"Nimechoka," Yunisi akasema, akisonga ugali wa mtama. "Lakini mchoko huu ni wangu."

Akapakua kwa watu wawili, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile isomwe, akamaliza chakula chake chote.